Nani Alimeza Sauti ya Papa?

Papa alikuwa ndani ya ubeti wa pili wakati sauti yake iliisha. Vidole zake bado zilikuwa zinatembea kwa gitaa, mdomo bado ilikuwa inafunguka, lakini kwa spika hakukuwa na kitu yake. Badala yake tukaskia manzi wa kwaya akikohoa. Kikohozi moja safi, kubwa, ikajaza uwanja yote ya Lukafu.

"Yaya, mikro ya papa inakufa!" chali aliyekuwa ananisaidia akaniambia kwa sikio.

"Ni betri," nikamshow.

"Haina pile. Pile njo mupya, nilitia leo."

Na alikuwa anabonga ukweli. Betri ilikuwa mpya. Kitu yenye ilimeza sauti ya huyo mzee ilikuwa mikono yangu, saa tisa mchana wa hiyo siku, nikioanisha maiki haraka haraka ndio niwahi kula.

Nataka kuwabongea hii story polepole, juu saa hii kila mtaa kuna msee amenunua maiki ya wireless. MC wa harusi, kijana wa praise and worship, wasee wa battle, mbogi yenye inarekodi podikasti kejani. Wengi wao hakuna mtu amewahi kaa chini na wao awaonyeshe vile maiki inajuana na risiva yake. Unapewa boksi, unapewa betri, unaambiwa washa. Sasa ikianza kukatika katikati ya shughuli, unaipiga kofi.

Beshte yangu tulilelewa pamoja Kayole, mathake ni wa Katanga. Kanisa ya kina shosh yake huko Lukafu ilikuwa na usiku mbili ya kwaya, nje, uwanjani, na msee wao wa saundi akakosekana. Akaniuliza kama naweza beba vitu zangu. Tukapanda basi, tukatokea Tunduma, tukakata Zambia, tukaingia Congo na Kasumbalesa, hapo unaulizwa kadi ya manjano ya chanjo kabla hujasema jina. Lubumbashi tukalala usiku moja, tukakula michopo na bukari. Bukari ni ugali, michopo ni mbuzi choma, na kwa hiyo meza nilijiskia nyumbani kabisa. Asubuhi nikagundua plagi zangu zote za miguu tatu bapa haziingii kwa soketi ya huko, soketi zao ni za mashimo ya duara. Tukatafuta adapta, ndio tukashika njia ya kuelekea milima ya Kundelungu.

Lukafu ni mahali ya zamani. Wabelgiji walikuwa na kituo yao hapo kabla Lubumbashi ianzishwe 1910, enzi hizo ikiitwa Élisabethville. Mimi nilipata uwanja, vumbi nyekundu, na baridi ya mwezi wa saba yenye inashuka jioni hadi unatafuta jaketi. Kiswahili chao kina mwendo yake. Watu ni bantu, watoto ni batoto, maiki ni mikro, betri ni pile, jenereta ni grupu. Wanakusalimia "jambo yenu," unarudisha "jambo sana." Kufikia siku ya pili nilikuwa naitisha pile bila kufikiria.

Halafu wakaniletea papa. Mzee mwembamba, koti ya suti, gitaa ya mbao yenye imechubuka pale kidole inapita. Anapiga vidole mbili: gumba inashika besi, kidole ya shahada inacheza juu, na ukifunga macho unaapa kuna watu wawili. Hiyo mkono inajulikana. Ni shule ya kina Jean-Bosco Mwenda, mwana wa Bunkeya, aliyezaliwa 1930. Hugh Tracey alimrekodi 1952 huko Jadotville, mji wenye leo unaitwa Likasi. Mwisho wa hiyo miaka ya hamsini Bosco akakuja Nairobi, gitaa yake ikaskika hadi kwa matangazo ya dawa ya Aspro, na wapiga gitaa wa kwetu wakaisoma hiyo mkono kwa karibu. So zile ngoma za gitaa kavu zenye guka alikuwa anaweka kwa redio Jumapili, kuna maji ya Katanga ndani yake. Nilikuwa nimefika kwa chemchemi, na kazi yangu ilikuwa moja tu: mzee askike.

Sasa skiza, juu hapa ndio kila kitu iko.

Maiki ya wireless ni stesheni ya redio umeshika kwa mkono. Iko na mtambo ya kurusha, iko na antena, iko na frikwensi. Risiva ni redio yenye inaskiza hiyo stesheni moja. Kitu yenye watu hawajui ni vile hiyo stesheni ni ndogo: maiki nyingi zinarusha miliwati 10 hivi. Simu ya GSM kwa mfuko yako inaweza kupanda hadi wati 2, yaani mara 200 ya hiyo. Ndio maana sitaki simu ya mtu kando ya risiva zangu, hata ikiwa ni ya pasta. Wazo yenyewe si ya jana. Shure ya Chicago waliuza maiki bila waya inaitwa Vagabond mwaka wa 1953, mwaka moja tu baada ya Tracey kumrekodi Bosco.

Kuoanisha maana yake ni hivi: maiki na risiva wapatane frikwensi moja, na hapo pasiwe na mtu mwingine. Mashine tofauti zina njia tofauti. Kuna zile za bei ya chini zenye zimefungwa kiwandani, maiki moja na frikwensi moja, hakuna cha kubadilisha. Hizo ukichanganya maiki ya seti moja na risiva ya seti ingine, utakaa hapo hadi asubuhi. Kuna zile unachagua kwa mkono, unaangalia herufi ya kundi na namba ya chaneli kwa risiva, halafu unafungua tumbo ya maiki na kubonyeza hadi isome vile vile. Na kuna zile ziko na kadirisha keusi kwa risiva na kengine kwa maiki. Unabonyeza sinki, unaelekeza maiki kwa hako kadirisha kwa karibu, upana wa kiganja hivi, na risiva inaiambia frikwensi kwa mwanga wenye macho haioni, ile ile ya rimoti ya TV.

Zangu ni za kadirisha. Risiva mbili, A juu ya B, zimepandana kwa meza. Hiyo mchana nikasinki maiki A. Halafu nikachukua maiki B, na kwa haraka yangu nikabonyeza kitufe ya risiva ya juu tena. Maiki B ikapokea frikwensi ya A. Sikuona. Nikajaribu A: moja, mbili, sauti ikatoka. Nikaizima ndio nisimalize betri. Nikajaribu B: moja, mbili, sauti ikatoka. Nikaridhika. Sikuangalia ni taa ya risiva gani imewaka. Ningeangalia ningeona B imekaa giza, na sauti ya maiki zote mbili inapita mlango moja.

Usiku papa alikuwa jukwaani, mita 30 kutoka kwa meza yangu. Manzi wa kwaya mwenye angefuata alikuwa amekaa kando yangu, mita 2 kutoka kwa risiva, ameshika maiki B. Alipoona papa anakaribia kumaliza, akaiwasha mapema ndio awe tayari. Na maiki za UHF za analogi ka zangu zinatumia FM, na FM iko na tabia yake: zikifika mawimbi mbili kwa frikwensi moja, risiva haizichanganyi. Inashika yenye ina nguvu, ile ingine inaitupa. Nguvu ya redio inashuka kwa mraba ya umbali. Manzi alikuwa karibu mara 15, so maiki yake ilifika kwa risiva na nguvu kitu mara 225 ya ya papa. Mzee hakuwa na nafasi. Kikohozi ya manzi ikaingia, yeye akafutwa.

Nilimpokonya huyo dada maiki bila hata kuomba, nikaizima, na sauti ya papa ikarudi katikati ya neno. Uwanja ukapiga vigelegele. Tukamaliza usiku na maiki moja, watu wakipokezana.

Baadaye nikaenda kumwomba radhi. Alikuwa ameketi kwa kiti ya plastiki, anafunga gitaa na kitambaa. Akanisikiza hadi mwisho, halafu akaniambia, "Mutoto yangu, miye nilizania sauti yangu njo imeisha."

Sikulala vizuri. Mzee wa umri huo, mbele ya majirani zake, alisimama dakika nzima akiamini mwili yake imemwacha, na kumbe ni kitufe nilibonyeza vibaya. Ndio sababu siwezi kubali msee aniambie eti saundi ni kuchomeka waya na kuongeza volyumu. Mtu akikupea sauti yake uibebe, amekupea kitu.

Siku ya pili nilirauka, nikafanya kila kitu kwa mpango, na chali wangu kando yangu akiangalia.

Kwanza tukazima maiki zote. Zote. Halafu tukawasha kila kitu ingine yenye ingekuwa imewaka usiku: grupu, taa za jukwaa, laptopu, spika. Hizo vitu zinapiga kelele ya redio, so unataka risiva izisikie mapema. Ndio nikabonyeza skani kwa risiva A, ikazunguka ikitafuta mahali kimya. Nikakubali yenye ilichagua, nikafunika kadirisha ka B na kiganja, nikasinki maiki A. Nikaangalia: taa ya redio ya A imewaka, ya B imezima. Vizuri. Na hapa ndio watu hukosea: maiki A usiizime. Iache iwake, ndio risiva B ikiskani iskie kuna mtu tayari. Ukizima, B inaweza kukuja kukaa pale pale.

Na usiridhike eti frikwensi ziko tofauti tu. Maiki mbili zikirusha pamoja zinazaa mizimu. Chukua moja kwa 500 MHz, ingine 501. Mara mbili ya 500 toa 501 unapata 499. Mara mbili ya 501 toa 500 unapata 502. Ukiweka maiki ya tatu kwa 502, hiyo maiki inapigana na mzimu kabla haijaimba. Wenye walitengeneza hizi mashine walishafanya hiyo hesabu, ndio wakapanga chaneli kwa makundi. Weka risiva zako zote kundi moja, kila moja chaneli yake, na hesabu unawaachia wao.

Kitu ilinishangaza Lukafu ni vile hewa ilikuwa kimya. Nairobi nikiskani, risiva inatafuta mahali ka mtu wa kuegesha ndai town saa saba mchana. TV za dijitali ziko hapo, kila chaneli yake imekula MHz 8. Tulipozima analogi 2015, tuliambiwa nafasi itabaki, na ilibaki, lakini sehemu ya juu ilipewa intaneti ya simu: ile 800 kwanza, halafu ile 700. Kwa upande wetu wa dunia, nafasi ya TV na maiki iliyobaki ni kati ya 470 na 694. So kabla ununue maiki ya mtumba, geuza risiva uangalie namba zimeandikwa nyuma. Ikiwa inasoma 700 na kitu, ama 800, hapo ni kwa simu, achana nayo hata ikiwa na jina kubwa. Marekani nao walifunga sehemu kubwa ya 600 kwa maiki kuanzia tarehe 13 Julai 2020, so vitu za zamani za huko zilibaki bila kazi. Muuzaji akikushow imetoka majuu na bei ni mteremko, uliza namba kwanza.

Lakini huko Lukafu hakukuwa na TV ya kulaumu wala mtandao wa kulaumu. Hewa ilikuwa safi. Adui pekee kwa hiyo frikwensi nilikuwa nimemweka mimi.

Nilimfunza chali taa mbili, na nadhani hizo taa mbili ni nusu ya hii kazi. Risiva iko na taa ya redio na taa ya sauti. Redio imewaka na sauti imekufa? Maiki imefika, lakini mtu amebonyeza kitufe cha kimya ama volyumu yake iko chini. Redio imezima na maiki inaonekana imewaka? Hawajapatana frikwensi, ama betri imeishiwa. Na redio ikiwaka wakati maiki yako imezimwa, simama hapo hapo: kuna mtu mwingine kwa laini yako, na usiku atakuimbia. Hiyo ya tatu ndio ingeniokoa.

Betri nazo, chukua alkalini, na badilisha zote mbili pamoja. Mpya ikiwekwa na nzee, ile nzee inaivuta chini. Zile za kuchaji ni sawa, lakini zinaanza na volti 1.2 badala ya 1.5, so mashine zingine zinasoma ni ka zimetumika tayari. Usiogope, pima masaa tu ujue zinakufikisha wapi.

Antena za risiva ziweke zionane na jukwaa, zimefunguka ka herufi V, juu ya meza, mbali na chuma. Ziko mbili kwa sababu mawimbi yanagonga mabati na kurudi, na kuna mahali yanakutana yakauana. Kwa 600 MHz wimbi moja ni sentimita 50, so unaweza kukatika hapa, ukisonga nusu hatua unarudi. Antena moja ikiwa kwa shimo, ile ingine inashika. Risiva ikifichwa chini ya meza na kufunikwa na kitambaa ya kanisa ndio meza ikae smart, umeziba masikio yote mawili.

Na ma-rapa wangu, nawapenda, lakini ile kushika. Antena ya maiki nyingi iko chini, kwa mkia. Ukizungusha kiganja hapo, mwili yako yenye imejaa maji inakunywa mawimbi kabla yatoke. Ukifunika kichwa nacho, spika zinapiga mluzi. Shika katikati.

Wasee wa video, zenu ni zile ndogo za kubana kwa kola, risiva inaingia chini ya simu. Hizo nyingi zinaenda 2.4 GHz, mtaa moja na Wi-Fi na Bluetooth. Zinajioanisha zenyewe zikitoka kwa boksi, na zikikataa unashikilia kitufe hadi taa iache kupepesa. Shida yao ni mgongo. Mtu akikugeukia mgongo akitembea, kifua yake yote iko kati ya maiki na simu, na sauti inakatika. Mwambie atembee akikukabili.

Jioni, kabla bantu waanze kufika, papa alikuja mapema. Hakuna mtu alikuwa amemwita. Alikuwa na ile koti yake, bila gitaa.

Nikamuelezea nataka mtu ashike maiki A, atembee uwanja yote akihesabu kwa sauti, mimi nikiangalia taa, na B iwe imewaka kando yangu, mahali pale pale ilikuwa jana. Akanyosha mkono. Nikamwonyesha pa kushika. Akaangalia kale kataa ka kijani kwa mkia ya maiki, akaniangalia, akaanza kutembea.

Moja. Mbili. Tatu. Alipita jukwaa, akapita viti, akapita wamama wenye walikuwa wanawasha jiko. Batoto wakamfuata nyuma wakihesabu pia. Chali wangu alikuwa ameinama mbele ya risiva, pua karibu iguse kioo, na kila namba akiniambia, "Iko. Iko. Iko." Papa akafika kwa miti mwisho wa uwanja, giza ikaanza kumficha, tukabaki tunaona koti tu, halafu hata koti hatuoni. Nikamwashia tochi arudi. Hakurudi. Alifika arobaini, akanyamaza kidogo, na kwa spika tukaskia anavuta pumzi, halafu huko gizani akaanza ule wimbo wake kutoka ubeti wa pili.